Kweli ya Santuri

Tarehe 3 Agosti 1983, katika ukumbi wa First Avenue mjini Minneapolis, Marekani, Prince aliimba "Purple Rain" mbele ya hadhara, na mitambo ikainasa sauti. Mwendo wa wimbo huo ni wa taratibu. Ngazi yake ni ya meja, ambayo desturi huinasibisha na furaha. Lakini kinachomfikia msikilizaji ni huzuni yenye tumaini. Baadaye, studioni, ubeti mmoja uliondolewa na ala za nyuzi zikaongezwa. Je, santuri iliyotoka mwaka 1984 ni shahidi wa usiku ule, au ni shahidi aliyefundishwa la kusema?

Hukumu yataka kipimo. Kupunguza peke yake si uwongo. Hata mwandishi wa tarehe huacha mengi. Uwongo ni kumwaminisha mtu lisilokuwa. Mwendo, ngazi na huzuni ya wimbo vilizaliwa mbele ya watu; nyuzi ziliikoleza huzuni hiyo, hazikuizaa. Kwa hiyo santuri ni ya kweli, maadamu anayeiuza hadai kwamba haikuguswa. Mkasi hauna dhambi. Dhambi ni ya ulimi unaokana kwamba mkasi ulipita.