Kwa Nini Leo?

Jana adapta ilikuwa inashika mtandao vizuri. Usiku kompyuta ikapokea masasisho, ikajizima na kuwaka upya, na asubuhi orodha ya mitandao ya Wi-Fi ni tupu. Kifaa kipo palepale kwenye tundu la USB. Ukiandika amri ya lsusb, kinatajwa kwa namba zake kama kawaida. Mtandao ndio hakuna. Wengi wanaotumia Linux pamoja na adapta za bei nafuu wameshaamkia asubuhi ya namna hii, na swali la kwanza linalowatoka huwa fupi: kwa nini leo?

Swali hilo ni kongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu chake juu ya uchawi na ramli miongoni mwa Wazande, watu wa eneo zinapokutana Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mfano wake uliovuma ni wa ghala la nafaka. Wazande walizoea kukaa chini ya ghala kukwepa jua kali, na mara chache ghala liliporomoka likawaumiza. Walijua fika kwamba mchwa wamezila nguzo. Walijua pia kwamba joto ndilo lililowakalisha watu pale. Walichotaka kuelezwa ni jambo jingine: kwa nini mchwa wamalize kazi yao wakati uleule ambao watu hawa, na si wengine, wapo chini? Wao walijibu kwamba ni uchawi. Msomi wa Ulaya angesema ni sadfa, akadhani amejibu, kumbe amelifunga swali tu.

Kwa adapta, swali la "kwa nini leo" linaweza kupata jibu la kushikika. Chukua chipu ya Realtek RTL8821CU, iliyomo ndani ya adapta nyingi ndogo za USB. Hadi mwanzoni mwa 2023, keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wenyewe, haikuwa na draiva ya kuiendesha. Wenye adapta hizo walitegemea msimbo uliotoka kiwandani, ukawa unapitishwa mkono kwa mkono na kurekebishwa na watu wa kujitolea. Msimbo huo ulipaswa kuundwa upya kila keneli mpya inapoingia, kazi ambayo chombo kiitwacho DKMS huifanya chenyewe kimyakimya. Sasa, keneli ya Linux haiahidi kwamba sehemu zake za ndani zitabaki na umbo lilelile toka toleo hadi toleo. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wake wakuu, ameandika waraka mzima, nao umo ndani ya nyaraka za keneli, akieleza kwa nini ahadi hiyo haitolewi. Basi toleo jipya likibadilisha sehemu moja tu ambayo draiva ya nje inaitegemea, uundaji unakwama, ujumbe wa kosa unapita usiku bila mtu wa kuusoma, na asubuhi Wi-Fi imekwenda.

Nani alaumiwe, basi? Mtengenezaji wa keneli aliyebadilisha umbo? Kiwanda kilichouza chipu bila kupeleka draiva yake ndani ya keneli? Mtu wa kujitolea ambaye hajaugusa msimbo kwa miezi? Au mwenye kompyuta aliyekubali masasisho? Muondoe yeyote kati yao na asubuhi ile ingekuwa ya kawaida.

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha 1843, hakuona tatizo hapo. Kwa maoni yake, sababu kwa maana kamili ni jumla ya masharti yote yaliyohitajika ili tukio litokee, na kuchagua moja na kulipa heshima ya jina hilo ni mazoea ya mazungumzo tu, hayana msingi katika falsafa. Jibu zuri, lakini halimfai mtu anayetaka mtandao urudi kabla ya saa sita. Wanasheria H. L. A. Hart na Tony Honoré walilitazama jambo hili mwaka 1959 kwa macho ya mahakamani. Nyumba ikiungua, hakuna anayesema oksijeni ndiyo iliyoiunguza, ingawa bila oksijeni hakuna moto. Lakini katika kiwanda ambacho kazi yake inadai oksijeni izuiwe isiingie, ikipenya na moto ukawaka, kila mtu ataitaja oksijeni. Kinachobadilika ni kile ambacho watu walikuwa na haki ya kukitarajia. Moto haujali.

Mpaka hapa tumechukulia kwamba masharti yenyewe yanajulikana. Mara nyingi hayajulikani, na fundi huanza na kumbukumbu za keneli, anazozisoma kwa amri ya dmesg. Kila mstari una muda wake hadi vipande vya sekunde: kifaa kimeonekana, kimepewa namba, kimeshindwa kusomwa, kosa hasi 71. Namba hiyo humaanisha mazungumzo kati ya kompyuta na kifaa yamevurugika. Hasi 110 humaanisha jibu limesubiriwa hadi muda ukaisha. Hasi 2, inapotokea wakati wa kupakia fimuweya (ile programu ndogo ambayo chipu yenyewe huihitaji ili ifanye kazi), humaanisha faili halikupatikana, na huyo ndiye mgonjwa mwepesi kuliko wote: tafuta faili, liweke mahali pake. Kosa 71 ni balaa. Linaweza kutoka kwenye waya, kwenye tundu lililolegea, kwenye umeme usiotosha, au kwenye kifaa kibovu, na katika mistari yote hiyo hakuna hata mmoja unaosema "kwa sababu". Ni hili, kisha lile, kisha lile.

Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali angetabasamu. Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, alichukua mfano wa pamba inayogusana na moto. Tunachokiona, alisema, ni kwamba pamba inaungua wakati moto unapoigusa. Kwamba inaungua kwa sababu ya moto, hilo hatujaliona kamwe. Mtendaji ni Mwenyezi Mungu, na mfuatano tunaouona ni desturi aliyoijaalia, hauna ulazima ndani yake. Ibn Rushd wa Kordoba alimjibu karibu karne moja baadaye kwamba anayekana sababu anaikana akili yenyewe, kwani kujua kitu ni kujua sababu zake. Na mwaka 1739 mwanafalsafa Mskoti David Hume, mtu asiye na dini ya kujivunia, akafika karibu kabisa na pale alipokuwa amesimama Al-Ghazali, ila yeye desturi akaiweka ndani ya nafsi ya mtazamaji.

Ni kosa kumfanya Al-Ghazali adui wa mafundi, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa leo wanaomtwika lawama ya kuanguka kwa sayansi. Katika utangulizi wa kitabu hichohicho anaonya kwamba anayepinga maelezo ya wanafalaki kuhusu kupatwa kwa jua kwa jina la dini anaidhuru dini. Shaka yake ilikuwa juu ya ulazima, haikuwa juu ya hesabu. Na shaka hiyo ina faida mezani kwa fundi.

Mwaka 2012 Intel ilitoa waraka ulioonyesha kwamba matundu na nyaya za USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia eneo la gigahezi 2.4, lilelile linalotumiwa na adapta nyingi za Wi-Fi. Mtu anachomeka diski ya nje kando ya adapta yake, na mtandao unaanza kukatika. Anatazama kumbukumbu: draiva imepoteza muunganisho, imejaribu upya, imepoteza tena. Kila mstari unaitaja draiva. Anaifuta, anaweka nyingine, anabadilisha mipangilio. Jioni diski imeondolewa, mtandao umetulia, na yeye ataapa kwamba draiva mpya ndiyo iliyomponya. Waya mfupi wa kuisogeza adapta mbali na diski ungetosha.

Dawa maarufu kuliko zote, kuchomoa na kuchomeka upya, haimfundishi mtu chochote. Keneli inaweza kukilaza kifaa cha USB kisicho na kazi ili kuokoa umeme, na baadhi ya chipu huamka vibaya. Kuchomeka upya huzianzisha kutoka mwanzo. Mtumiaji hujua tu kwamba imekubali. Baada ya mwezi ana utaratibu wake: chomoa, hesabu hadi kumi, chomeka tundu la kushoto. Hesabu ya kumi pengine haina kazi, lakini nani atathubutu kuiacha?

Kuna hata adapta ambazo draiva zao huhukumiwa kwa kesi isiyozihusu. Baadhi ya zile zenye chipu ya Realtek, zikichomekwa, hujitambulisha kwanza kuwa diski yenye programu za Windows, kwa namba 0bda:1a2b, hadi zitumiwe amri ya kubadili sura. Linux inaamini inachoambiwa. Isipokuwepo programu ya kutoa amri hiyo, draiva ya Wi-Fi haiitwi kabisa, na mwenye kifaa anabaki akilalamika kwamba imekufa.

Namna ya kutoka kwenye mifuatano tu ni kuingilia kati: badilisha kitu kimoja, acha mengine yote kama yalivyo, kisha kirudishe uone kama ugonjwa nao unarudi. Mill aliieleza njia hiyo, nayo ndiyo roho ya amri ya git bisect wanayoitumia watengenezaji wa keneli. Toleo moja la keneli hubeba mabadiliko zaidi ya elfu kumi. Ukijua toleo lililokuwa zima na lililoharibika, unajaribu la katikati, unatupa nusu, unajaribu tena. Kwa majaribio 14 hivi unaweza kufikia badiliko moja kati ya 16,000. Hapo Al-Ghazali angeweza bado kusema umeona desturi tu, na kwa kweli hakuna jaribio la kumnyamazisha. Lakini desturi inayotii kila mara unapoigeuza inatosha kwa kazi.

Kisha lawama inarudi kwa mlango wa nyuma. Badiliko lililonaswa hukutwa mara nyingine kuwa sahihi kabisa, ila limefichua kosa lililolala ndani ya draiva kwa miaka. Lipi ni sababu? Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ana kanuni ambayo haisubiri wanafalsafa: kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji kisiharibiwe, na kikiharibika, badiliko hurekebishwa au huondolewa, hata kama lilikuwa sahihi. Nayo kanuni inayokwenda sambamba, ile ya waraka wa Kroah-Hartman, ni kwamba anayebadilisha umbo la ndani hurekebisha mwenyewe kila draiva iliyomo ndani ya keneli. Zilizo nje hazina mwenyewe.

Februari 2023 ilitoka Linux 6.2, ikiwa na draiva ya ndani ya RTL8821CU na ndugu zake kadhaa wa USB. Tangu siku hiyo badiliko lilelile ambalo mwaka 2022 lingehesabiwa kuwa haki ya mtengenezaji, na adapta kukatika kuwa bahati mbaya ya mwenye nayo, linahesabiwa kuwa kosa la aliyelileta, na analetewa barua kulirekebisha. Adapta haikuguswa.