Deni la Elimu Ladaiwa na Nani?

Mwaka wa masomo unapokaribia kufungwa, mbao za matangazo katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hujaa nafasi za kila namna: mafunzo kwa vitendo katika halmashauri na asasi za kiraia, ruzuku ndogo za utafiti, kozi fupi za likizo, mashindano ya insha, na kazi za kujitolea ambazo malipo yake hayazidi nauli. Kwa mwanafunzi wa uhasibu, kuchagua miongoni mwa nafasi hizo ni kutafuta mahali ambapo ujuzi wake utakomaa haraka zaidi. Kwa mwanafunzi anayesoma mabadiliko ya kijamii, yaani namna ambavyo umiliki wa mali, mamlaka, desturi na mahusiano ya watu hugeuka kadiri ya nyakati, na namna ambavyo watu wenyewe huvigeuza, uchaguzi huo unabeba swali la maadili ambalo hakuna mtihani unaoliuliza, kwa kuwa anachokwenda kukisoma ni maisha ya watu wengine, na wengi wao hawatapata kamwe kukaa katika ukumbi wa mihadhara. Je, elimu ya namna hiyo humtia deni aliye nayo, na ikiwa ni deni, mdai wake ni nani?

Nchini Tanzania swali hili lilipewa jibu la wazi mapema sana. Mwaka 1964, akizungumza bungeni kuhusu mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Julius Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine, na akasema kwamba mtu huyo akishiba kisha asirudi na msaada, amewasaliti ndugu zake. Uzito wa hoja hiyo haujapungua hata leo, kwa sababu inamnyang'anya msomi fikra inayomjia kwa urahisi kuliko zote, ile ya kuamini kwamba elimu ni mali yake binafsi aliyoichuma kwa akili zake, ilhali darasa alilokalia lilijengwa kwa kodi na jasho la watu waliokosa nafasi kama yake. Hata hivyo hoja hiyo iliacha jambo moja bila kulisema. Mfano wenyewe unawataja wanakijiji kuwa ndio wanaodai, lakini haukueleza ni kwa njia gani wanakijiji hao watalidai deni lao, wala ni nani atakayeamua kwamba limekwisha kulipwa.

Pengo hilo lilijitokeza miaka miwili baadaye. Serikali ilipotangaza kwamba wahitimu wa elimu ya juu watalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu yake kambini na iliyobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi waliandamana jijini Dar es Salaam tarehe 22 Oktoba 1966 hadi Ikulu, na Nyerere, aliyeona katika madai yao tamaa ya tabaka linalojitenga na wakulima, aliwafukuza takriban 400, akapunguza kwa asilimia 20 mshahara wake mwenyewe, kisha baadaye akawaruhusu wengi wao kurudi masomoni. Ni vigumu kusoma habari za siku hiyo bila kukubali kwamba alikuwa na haki ya kukasirika, na kwamba kiongozi anayeanza kwa kukata mshahara wake ana mamlaka ya kimaadili ambayo viongozi wengi hawajapata kuwa nayo. Lakini katika mzozo wote huo mkulima aliyetajwa na kila upande hakuulizwa neno. Dola ilikuwa imekwisha kushika nafasi yake na kudai kwa niaba yake, ikapanga kiasi cha deni, muda wa kulilipa na adhabu ya anayekataa. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililomtaka mwenye kumaliza sekondari afanye kazi kwanza na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya chama kabla ya kuingia chuo kikuu, lilipita katika njia hiyohiyo.

Jibu la pili lilitoka kwa wanafunzi wenyewe. Umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi ulioanzishwa chuoni Dar es Salaam mwaka 1967, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wake, uliendesha madarasa ya itikadi siku za Jumapili, na mwaka 1969 ukaanzisha jarida la Cheche. Hapo ndipo Issa Shivji alipotoa, mwaka 1970, uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, ambao kiini chake kilikuwa kwamba watawala na wakuu wa mashirika ya umma walikuwa wakigeuka kuwa tabaka lenye maslahi yake. Uchambuzi huo ukikubaliwa, dola haiwezi kuwa mdai mwaminifu wa deni la mkulima, kwa maana nayo inadaiwa. Umoja huo na jarida lake vilipigwa marufuku mwaka huohuo wa 1970. Kwa yeyote anayezungumzia leo nafasi za mwanafunzi nje ya darasa, historia hiyo ina thamani kubwa, kwa kuwa vijana hao hawakungoja mfadhili atangaze nafasi; walijitengenezea wenyewe jukwaa la fikra kwa mashine ya kudurufu. Hata hivyo, pamoja na heshima yote wanayostahili, jarida lao liliandikwa zaidi kwa Kiingereza, na wafanyakazi na wakulima waliowekwa katikati ya nadharia hawangeweza kulisoma.

Wakati mjadala huo ukiendelea Dar es Salaam, upande wa pili wa dunia palitolewa hoja iliyokataa jambo zima. Ivan Illich, padri Mkatoliki mzaliwa wa Vienna aliyekuwa na kituo chake cha masomo mjini Cuernavaca, Meksiko, aliwahutubia mwezi Aprili 1968 wanafunzi wa Marekani waliojiandaa kutumia likizo yao kusaidia vijiji vya Meksiko, akawaomba waziwazi wasiende. Aliwaambia kwamba nia njema haimpi mtu haki ya kuingia katika maisha ya wengine, kwamba hawakuwa hata na lugha ya kuwawezesha kuelewa wanapokataliwa, na kwamba walichokuwa wakikipeleka bila kujua ni tangazo la namna ya kuishi ya nchi yao. Waje kutazama na kusoma, alisema, lakini wasije kusaidia; na kama wanataka kujitolea, wafanye hivyo kwao, mahali ambapo maskini anaweza kuwajibu kwa maneno wanayoyaelewa na kuwafukuza akipenda.

Hoja ya Illich haiwezi kuhamishwa jinsi ilivyo hadi Kilosa au Kilifi. Mwanafunzi wa Tanzania anayepelekwa kijijini katika likizo ndefu huzungumza Kiswahili na mwenyeji wake, na pengine bibi yake mzaa mama analima kwa jembe la mkono katika kijiji kisicho tofauti na hicho. Lakini kiini cha hoja kinabaki kikiwa kizima, nacho ni kwamba msaada wa kweli unapimwa kwa uwezo wa anayesaidiwa kuukataa. Hapo utaratibu uliozoeleka unastahili kutazamwa kwa makini. Barua ya utambulisho hutoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ikafika kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji, na mwenye nyumba anayekwenda kuhojiwa ndiye wa mwisho kuombwa ridhaa, baada ya ngazi zote zilizo juu yake kukubali. Kwa sheria bado anaweza kukataa. Kwa hali halisi, mama aliyeletewa mgeni na mtendaji, mgeni mwenye hojaji mkononi na anayeitwa mtaalamu, atajibu kila swali kwa adabu, na adabu hiyo itaandikwa katika ripoti kuwa ni ridhaa.

Fikra ya Kiislamu, iliyolea elimu katika mwambao wa Afrika Mashariki kwa karne nyingi kabla ya vyuo vikuu, ina kipimo kinachofaa kuletwa hapa. Wanazuoni hutofautisha faradhi aini, ambayo kila mtu analazimika kuitekeleza mwenyewe, na faradhi kifaya, ambayo jamii nzima inadaiwa, wakiitekeleza baadhi wengine huondokewa na lawama, na isipotekelezwa na yeyote dhambi huwa ya wote. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitumia tofauti hiyo katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini kuwahukumu wasomi wa zama zake: aliona miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali wanafunzi walisongamana katika elimu ya sheria wakidai kwamba wanatekeleza faradhi kifaya, faradhi ambayo wengine walikwisha kuitosheleza. Sababu hakuificha. Sheria ilifungua mlango wa ukadhi, wa usimamizi wa wakfu na wa mali za mayatima, na utabibu haukufungua milango hiyo. Wala hakusema hayo akiwa pembeni, kwa kuwa yeye mwenyewe mwaka 1095 aliuacha ualimu wa heshima katika chuo cha Nidhamiya mjini Baghdad baada ya kuitilia shaka nia yake.

Kipimo hicho kinamgusa moja kwa moja mwanafunzi anayetazama ubao wa matangazo. Asasi zenye ofisi nzuri mijini hupokea waombaji wengi kuliko zinavyoweza kuwatumia, wakati baraza la ardhi la kata, chama cha msingi cha wakulima au umoja wa wavuvi wadogo wanaogombea fukwe na wawekezaji hawana kijana wa kuwasaidia kupanga kumbukumbu zao, kusoma mkataba au kuandika muhtasari wa kikao. Si haki kumlaumu kijana anayeitafuta posho, hasa yule ambaye fedha yake ya mafunzo kwa vitendo inatoka Bodi ya Mikopo na atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake siku atakapoajiriwa. Deni hilo lina tarakimu na halisubiri falsafa. Lawama inawahusu zaidi wanaopanga ruzuku, ambao huweka fedha mahali palipo na fedha, kisha wakashangaa kwamba vijana wanaelekea huko.

Hata hivyo kipimo cha Al-Ghazali kinaeleza tu mahali ambapo haja ipo; hakielezi namna ya kuingia mahali hapo bila kuwa yule mgeni aliyekataliwa na Illich. Kwa hilo kuna jaribio la Kitanzania linalostahili kujulikana zaidi kuliko linavyojulikana. Miaka ya mwanzo ya 1970, Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi Tanzania kwa muda mrefu, alianza pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufanya kile kilichokuja kuitwa utafiti shirikishi, maana yake utafiti ambao wanaotafitiwa wanashiriki kuchagua swali, kukusanya majibu na kuamua matumizi yake. Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyefundisha kwamba maskini hawezi kukombolewa na maarifa anayomiminiwa kama fedha inavyowekwa benki, alikuja Dar es Salaam mwaka 1971 na fikra zake zikakuta udongo uliokwisha kulimwa. Kuanzia mwaka 1975 mradi wa Jipemoyo, ulioziunganisha Finland na Tanzania, ukaipeleka njia hiyo wilayani Bagamoyo, miongoni mwa Wakwere wanaolima na Waparakuyo wanaofuga. Haikuwa njia isiyo na kasoro, kwa kuwa mwenye kalamu hubaki na nguvu ambazo ushirikishi hauziondoi. Lakini ilimrudisha mdai wa asili katika nafasi yake, akiwa hai na anaweza kusema kwamba swali lililoulizwa silo.

Hilo ndilo jibu linaloonekana kuwa la kweli kuliko mengine yaliyotajwa. Mwanafunzi wa mabadiliko ya kijamii anadaiwa, tena sana, lakini anayemdai si serikali wala mfadhili wala nadharia, bali ni watu mahsusi waliompa saa zao, habari za mashamba yao na wakati mwingine siri za ndoa zao, na wanachodai kwanza ni kurudishiwa maarifa yaliyotokana nao, katika lugha yao, kabla ya msaada wowote. Kwa desturi ya sasa jambo hilo halifanyiki. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, hupewa alama na msimamizi, hufungwa katika jalada, na yule mama aliyejibu hojaji hajui kamwe kilichoandikwa juu yake, wala hana njia ya kukisahihisha.

Njia ipo, na sheria imekwisha kuiweka. Mkutano mkuu wa kijiji, unaowajumuisha wakazi wote waliotimiza miaka 18, ni chombo halali ambacho mwanafunzi anaweza kukipelekea muhtasari wa kurasa mbili tatu kwa Kiswahili, akausoma, akaulizwa, akapingwa. Kinachokosekana ni nauli. Ruzuku nyingi za likizo humlipia mwanafunzi safari ya kwenda kukusanya na siku za kukaa huko, na hesabu yake hufungwa ripoti inapokabidhiwa chuoni. Chuo kinachotaka kufundisha mabadiliko ya kijamii kwa dhati kingeweza kutenga katika kila ruzuku fedha ya safari ya pili, muhula unaofuata, na kukataa kutoa alama ya mwisho mpaka muhtasari wa mkutano huo, pamoja na pingamizi za wanakijiji, uwe umeambatishwa.