Mwili na Utulivu wa Sala

Yako maswali ambayo watu huona haya kuyauliza mbele ya wenzao, nayo huwasumbua kwa siri. Moja ni hili: Je, mtu anyamazaye ili aombe, kisha akashikwa na mwasho, au kikohozi, au ganzi ya miguu, au usingizi, sala yake ni bure? Wako walioacha kabisa sala ya jioni kwa ajili hiyo, wakisema, Sisi hatuwezi, mwili hautupi nafasi.

Hapa kwetu Chang'ombe, na katika nchi yote ya Dodoma, mambo hayo si haba. Wakati wa kiangazi upepo huinua vumbi likaingia machoni na kooni. Nzi hufuata mifugo, kisha huja kwa watu. Na mtu aliyeshinda na jembe akipiga magoti, mara kichwa chainama.

Basi yatupasa kupambanua. Kwanza, uko usumbufu upitao wenyewe. Mwasho mdogo ukifuatwa kwa mawazo huzidi. Ukiachwa, mara nyingi hupoa. Tusipigane nao, maana apiganaye nao hawazi neno jingine tena. Na tuutambue, tuuache, turudi katika neno tulilokuwa tukilitafakari. Tukirudi mara 20, tumeomba mara 20.

Pili, uko usumbufu ulio haja ya kweli. Mguu wenye ganzi na unyooshwe. Aliyechoka sana na alale, aombe alfajiri. Katika 1 Wafalme 19 twasoma jinsi Eliya alivyolala chini ya mti jangwani, na malaika akamwamsha ale. Usingizi na chakula vilitangulia; sauti aliyoisikia Horebu ilikuja baadaye.

Tatu, uko usumbufu ulio wito wa upendo. Nzi akitua katika jicho la mtoto, mama asidhani ya kuwa utakatifu ni kutotikisika. Nzi huchukua ugonjwa wa vikope, uwezao kupofusha, nao watu wa Kongwa waliujua sana kwa miaka mingi. Kumfukuza nzi yule na kumwosha mtoto uso ni kazi ipatanayo na sala.

Wako wadhanio kwamba ukamilifu ni kutousikia mwili kabisa, nao huutafuta kwa ngoma au kwa kuvuta pumzi hata fahamu zipotee. Sisi hatutafuti hayo. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia Peter, kinyozi wake huko Wittenberg, kitabu kidogo juu ya namna ya kuomba. Humo alimpa mfano wa kazi yake mwenyewe: kinyozi mwema huweka mawazo na macho yake katika wembe na nywele, maana akipiga soga ovyo aweza kumkata mtu. Tuangalie ya kuwa kinyozi huyo hausahau mkono wake, autumia. Vivyo hivyo aombaye huja pamoja na mwili wake.

Labda mtu atasema, Mkiruhusu hayo, uvivu utaingia. Neno hilo lina haki yake. Lakini kipimo ni kimoja: baada ya kujinyoosha, je, twarudi? Arudiye si mvivu. Yule aondokaye kila mara, akitoa udhuru wa goti lake, huyo na ajichunguze nafsi yake.

Tena tusimkazie macho mzee akohoaye katika kimya cha ibada. Huenda ametembea mwendo mrefu katika vumbi ili awe pamoja nasi, na jicho letu kali laweza kumfanya asirudi tena. Afadhali tumpe maji ya kunywa. Na kikohozi chake kikidumu majuma 2 au zaidi, tumpeleke hospitali akapimwe kifua kikuu. Ukimya usio na huruma kwa mwili wa jirani haujawa sala bado.