Homa ya Kibarua ni Deni la Nani?

Wahenga walinena kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Nakubali, ila nina swali: ubaya wa kazi ukishaingia mwilini, aubebe nani?

Nyumbani kwangu ni Ifakara mjini, mpunga nalima ng'ambo ya mto Kilombero. Mpunga ukishika punje, mchana ni ndege, usiku ni nguruwe. Lazima mtu alale shambani, juu ya dungu. Msimu mmoja nikamweka kibarua. Tulipatana malipo, chandarua hatukukitaja. Mbu wa malaria huuma usiku, na usiku ndio ilikuwa kazi yake. Mimi nililala mjini ndani ya neti. Wiki ya tatu akaletwa kwa baiskeli, anatetemeka. Nikamlipa siku alizolinda, za homa nikakata. Nikaona nimetenda haki kabisa.

Baba mdogo nilipomsimulia alicheka. "Mbu ni wa Mungu, bwana. Hata sisi tulilala dunguni, tukapona." Kweli, mbu si wangu. Lakini nani alimweka mtu pale usiku bila neti? Eti alikubali mwenyewe! Mwenye njaa akikubali, amechagua kati ya nini na nini?

Wala siwezi kusema sikujua. Mji wetu una watafiti wa magonjwa tangu 1957, Waswisi walipofungua maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Miaka ya 1990 vyandarua vyenye dawa vilihimizwa humu humu bondeni. Nchi nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ila mimi sijamwona mkaguzi akipanda dungu. Basi kule juu mkaguzi angekuwa dhamiri yangu, nayo ilikuwa imelala mjini pamoja nami.

Nilimfuata kwake nikampa zile siku nilizokata. Akapokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama msimu ujao nitamwita tena. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Siku hizi neti naiandika kwenye gharama za shamba, pamoja na mbegu na kukodi trekta. Jirani yangu ananilaumu, eti nawadekeza vibarua. Nawe ndugu msomaji, unayekula wali uliolindwa na usingizi wa mwenzio, unasemaje?