Je, Yampasa Mkristo Kutaka Kumshinda Mwenzake?

Vijana wa usharika huniuliza mara nyingi neno hili: Je, Mkristo aweza kutamani kumshinda mwenzake, asitende dhambi? Swali hili ni zito kuliko lionekanavyo. Maana Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 9, atukumbusha habari za washindanao kwa mbio, ya kuwa mmoja tu ndiye apewaye tuzo, naye ataka sisi nasi tukimbie kwa bidii ya namna ile. Lakini Paulo huyo huyo awafundisha Wafilipi, mlango wa 2, kila mtu amheshimu mwenzake kupita nafsi yake. Basi mtu atawezaje kukimbia ili ampite ndugu yake, na papo hapo kumweka juu?

Hapa Usagara swali hili limezidi tangu zilipotufikia habari za binti wa Kenya, Angella Okutoyi, achezaye tenisi. Alizaliwa mwaka 2004. Mama yake alifariki katika kumzaa yeye na pacha wake, wakalelewa na bibi yao, aliyekuwa akifanya kazi katika shule ya Loresho, Nairobi. Na huko ndiko mtoto alikoanza kujifunza mchezo huu. Mwezi wa Januari 2022 alikwenda Melbourne, nchi ya Australia, akaingia mashindano makuu ya wasichana, wanapocheza mmoja kwa mmoja. Akamshinda Mwitalia, kisha Mwaustralia, akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano ya cheo hicho. Katika duru ya tatu akashindwa. Mwezi wa Machi 2024, katika Michezo ya Afrika huko Accra, nchi ya Ghana, alimshinda binti wa Misri katika mchezo wa mwisho wa wanawake, akapewa medali ya dhahabu.

Vijana wengine walifurahi kana kwamba ni dada yao. Wengine walisema, "Huyo ni Mkenya, yatuhusu nini?" Naye mzee mmoja akauliza, ni faida gani binti kusafiri mbali hivyo ili kumtia aibu binti mwenziwe? Neno la mzee huyu lastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa halikutoka katika upumbavu. Pwani yetu yajua mashindano. Wazee walitusimulia habari za ngoma ya beni, Marini na Arinoti, jinsi watu walivyotumia mali nyingi kwa mavazi na karamu, kusudi kundi la pili lionekane si kitu. Wala sisi wa Kanisa tusiwacheke. Nimeona kwaya mbili zisizosalimiana miezi mingi baada ya mashindano, na zote mbili siku ile zilikuwa zimeimba habari za upendo wa Kristo.

Walakini, tusiuhukumu mti kwa tunda lililoliwa na wadudu. Na tuyatazame mashindano yenyewe, kwa mfano mmoja wa zamani.

Huko Wimbledon, karibu na London, mashindano ya tenisi yalianza mwaka 1877, nayo yalikuwa ya wanaume tu. Mwaka 1884 wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza, wakaingia 13. Katika mchezo wa mwisho walisimama ndugu wawili wa tumbo moja, Maud na Lilian Watson, binti za mchungaji wa kijiji cha Berkswell. Lilian, aliye mkubwa, alishinda seti ya kwanza, 8 kwa 6. Maud akashinda ya pili na ya tatu, zote 6 kwa 3. Akapewa kikapu cha fedha cha kutilia maua.

Sasa nawauliza, wasomaji: upendo ulimtaka Lilian afanye nini siku ile? Mtu aweza kusema, "Angalimwachia mdogo wake." Lakini fikirini. Kama angaliupiga mpira ovyo kwa makusudi, Maud angalipokea kikapu cha fedha na uongo ndani yake. Asingalijua kamwe nguvu zake mwenyewe. Zaidi ya hayo, Lilian angalikuwa amemdharau moyoni, akimwona kama mtoto asiyeweza kusimama. Kwa kucheza kwa nguvu zake zote alimpa mdogo wake kitu ambacho hakuna mwingine uwanjani aliyeweza kumpa, yaani ushindi wa kweli. Panga hunolewa kwa tupa, na tupa laini haifai kitu. Basi yeye asimamaye upande wa pili wa wavu, akinirudishia kila mpira, ananitendea kazi ya ndugu, hata kama yeye mwenyewe hakukusudia.

Mtu atasema, "Vema, lakini je, yeye ashindwaye?" Hesabu yenyewe itujibu. Siku hizi, katika kila moja ya mashindano makuu manne ya dunia, yaani ya Melbourne, Paris, Wimbledon na New York, wanawake 128 huingia kucheza mmoja kwa mmoja. Ashindwaye hutoka, hata abaki mmoja. Kwa hiyo 127 hurudi kwao wakiwa wameshindwa, na mmoja tu hakushindwa. Kama thamani yote ingalikuwa katika tuzo, watu hao 127 wangalikuwa wamepoteza safari yao bure. Nao hawaoni hivyo, maana mwaka wa pili hurudi tena. Paulo naye alijua ya kuwa taji lile la majani hunyauka. Hata hivyo hakuwadharau wakimbiaji, bali aliisifu nidhamu ya miili yao.

Basi naona hivi. Katika moyo wa mshindani zaweza kukaa tamaa mbili zinazofanana kwa sura, na baba zao ni mbalimbali. Ya kwanza yasema, "Nataka kufanya kazi hii vema kabisa." Ya pili yasema, "Nataka yule asiweze." Ya kwanza ni bidii, nayo ni kipawa cha Mungu. Ya pili ni wivu, nao ndio uliomwua Habili. Na njia ya kuzipambanua ni hii: ukipata habari asubuhi ya mashindano kwamba mshindani wako ameshikwa na homa, moyo wako wasema nini? Mwenye bidii husikitika, kwa kuwa amenyang'anywa kipimo chake. Mwenye wivu hushukuru. Hivyo maneno mawili ya Paulo yapatana: nguvu zangu zote naziweka katika kazi, na heshima yangu yote namwekea mtu.

Tena, mshindani wa leo aweza kuwa mwenzi wa kesho. Mwezi wa Julai 2022, miezi sita baada ya kushindwa Melbourne, Okutoyi alicheza Wimbledon pamoja na binti wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp, wakawashinda wasichana wawili wa Kanada katika mchezo wa mwisho wa wawili-wawili. Wasichana wa mashindano hayo hupingana leo mmoja kwa mmoja, na kesho husimama pamoja upande mmoja wa wavu.

Kwa hiyo nawaambia wazazi: msiwafundishe binti zenu kuficha akili zao shuleni ili wenzao wasione haya. Wafundisheni kujitahidi, kisha kumwendea aliyeshindwa kabla ya kuwaendea wawasifuo. Na kwaya zetu, kabla ya mashindano yajayo, kila moja na iiombee ile nyingine kwa jina, iimbe vema. Na kama mpiga kinanda wao ameugua, wapelekeeni wa kwenu. Mkishindwa baada ya hayo, mtakuwa mmeshindwa na wimbo mliousaidia wenyewe, nanyi mtaweza kuitikia Amina pamoja nao.