Zawadi ya karani na bodi ya washauri



Ukimuuliza mkazi wa Arusha ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, au Jumuiya ya Afrika Mashariki, atakuelekeza. Lakini muulize kuhusu Bodi ya Ushauri ya Umoja wa Afrika dhidi ya Rushwa. Wengi hawaijui, ilhali makao yake ni hapa hapa, chini ya Mlima Meru.

Bodi hiyo imetokana na ibara ya 22 ya mkataba wa kuzuia na kupambana na rushwa, uliopitishwa Maputo, Msumbiji, Julai 11, 2003, ukaanza kutumika mwaka 2006. Ina wajumbe 11. Haikamati mtu wala haina mahabusu. Inakusanya taarifa, inazishauri serikali, inasaidia kuweka kanuni za maadili ya watumishi wa umma, na nchi zilizoridhia mkataba zinatakiwa kuipa taarifa ya walipofikia.

Wapo wanaoicheka kwamba ni bodi isiyo na meno. Mimi sicheki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa dini ni kupeana nasaha, na viongozi wamo katika wanaostahiki kunasihiwa. Tatizo langu ni jingine: mshauri atafanya nini pale mshauriwa anapobadilisha jina la kosa?

Tukumbuke kisa cha Ibn al-Lutbiyya, kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Hakuficha kitu, bwana yule! Mtume akapanda mimbari akauliza, kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, aone kama zawadi hizo zingemfuata? Kisha akaonya kuwa anayechukua kitu kwa njia hiyo atakuja Siku ya Kiyama amekibeba shingoni, awe ngamia, ng'ombe au mbuzi.

Sasa tuitazame nchi yetu. Mwaka 1996 Rais Mkapa aliunda tume chini ya Jaji Warioba kuchunguza kero ya rushwa. Tume ikazunguka, ikasikiliza watu, ikaandika ripoti nzito, ikashauri. Haikupita miaka mingi. Mwaka 2000 Bunge likarekebisha sheria ya uchaguzi, na takrima ikahalalishwa: mgombea akiwakirimu wapiga kura kwa nia njema, ati kwa desturi zetu, basi si rushwa. Ni lile fungu la pili la Ibn al-Lutbiyya, safari hii likiwa na muhuri wa serikali. Mahakama Kuu ndiyo iliyokuja kuibatilisha mwaka 2006, baada ya taasisi za haki za binadamu kufungua kesi.

Na huku chini? Mkulima anashuka kutoka miteremko ya Meru na faili la mgogoro wa mpaka wa shamba, anaambiwa arudi kesho, na kesho tena, mpaka atakapoelewa mwenyewe. Hapo hakuna anayetamka neno rushwa. Ni chai, ni maji, ni nauli ya kijana. Na huyo karani, tuseme ukweli, Ijumaa tunaswali naye safu moja, na Maulidi akichangia pilau tunamwombea dua aongezewe.

Je, tuliwahi kumuuliza mshahara wake ni kiasi gani?

Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiorodhesha mali ya gavana siku anapomteua, ili zikizidi pasipo sababu amuulize. Kamati zetu za misikiti zingeweza kuanza na hilo kwao wenyewe. Msikiti ninaoswali mimi, mara ya mwisho waumini kusomewa hesabu za sanduku, tulikuwa bado tunatandika mikeka.