Mwezi Mpevu na Jina la Mchawi

Ndugu wakatekumeni,

Mwezi wa Juni na wa Julai, kwetu katika nyanda za juu za Katanga, baridi hukaza. Mvua zimekwisha tangu Aprili, majani yamekauka, mbingu haina wingu, na mwezi ukiwa mpevu hupita karibu na utosi, hata mtu huona kivuli chake kifupi miguuni pake. Usiku kama huo wazee wetu hawakuuogopa. Ulikuwa usiku wa ngoma, wa hadithi na vitendawili. Watoto walicheza nje mpaka mama zao walipowaita mara ya tatu. Usiku ulioogopwa ni ule wa giza, maana walisema mlozi hutembea pasipo mwanga.

Basi kijana mmoja wa darasa la mafundisho aliniuliza neno ambalo sikulitazamia. Amesikia ya kuwa Ulaya na Marekani wako watu wanaojiita wenyewe wachawi, tena hadharani, nao hukusanyika usiku wa mwezi mpevu, hata katika majira yao ya baridi, wafanye ibada zao. “Mwalimu,” akasema, “kama wao wanajivunia jina hilo, sisi tunafukuzana kwa nini kwa ajili yake?” Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani mwenyewe.

Aliyoyasikia ni kweli. Nchini Uingereza sheria ya zamani juu ya uchawi ilifutwa mwaka 1951. Mwaka 1954 mzee mmoja, Gerald Gardner, aliyekuwa zamani mtumishi wa forodha katika nchi ya Malaya, alitoa kitabu juu ya dini ya wachawi, akidai ni ya kale sana. Wenye kuchunguza historia wanaona kwamba sehemu yake kubwa ilitungwa katika karne ya 20. Dini hiyo huitwa Wicca. Wafuasi wake wengi hukutana kila mwezi unapopevuka, yaani mara 12 au 13 kwa mwaka. Mwezi mpevu wa Desemba, ambao wasemao Kiingereza huuita Mwezi wa Baridi, kwa wengi wao ni wakati wa kukaa kimya, kuwasha mishumaa, kuyafikiri yaliyopita na kuazimia kuyaacha mabaya. Nao wana kanuni ya kutomdhuru mtu.

Tuseme nini juu yao? Wanakosea pale wanapoutolea mwezi heshima iliyo haki ya Muumba wake. Katika habari ya uumbaji, mwandishi wa Kitabu cha Mwanzo hakuutaja mwezi hata kwa jina. Aliuita taa tu, tena ile iliyo ndogo, nayo iliwekwa siku ya nne. Nani aombaye taa? Hata mwanga wake si wake, umeupokea kwa jua. Uko mbali nasi kadiri ya kilometa 384,000, na mwaka 1969 watu walifika huko wakakanyaga mavumbi yake, wakarudi salama. Lakini kukaa kimya usiku wa baridi na kuuchunguza moyo, hilo si kosa lao. Wakristo wengi hawalifanyi hata mara moja kwa mwaka, nami najihesabu miongoni mwao.

Kumbe jina ni moja, mambo ni mawili. Mchawi wa kwao amejichagulia jina mwenyewe. Mchawi wa kwetu hakujichagulia; amepewa jina na jirani zake, siku ya msiba.

Wala msidhani kwamba Ulaya ilikuwa hivyo sikuzote. Kati ya karne ya 15 na ya 18 waliuawa huko watu wapatao 40,000, wengine husema 60,000, kwa kushtakiwa uchawi, na wengi wao walikuwa wanawake. Tusifiche jambo: kati ya waliowahukumu walikuwako hata watu wa Eklezya. Lakini alikuwako pia padri mmoja Mdachi wa Shirika la Yezu, Friedrich Spee, aliyesikiliza maungamo ya waliohukumiwa. Mwaka 1631 alitoa kitabu cha kuzipinga hukumu hizo. Jina lake hakuliandika, maana lilikuwa jambo la hatari. Alionyesha kwamba mtu akiteswa sana atakiri lolote aulizwalo, hata yeye padri angekiri. Alionyesha tena kwamba mshtakiwa hana njia ya kutokea. Akikiri, amejihukumu, akinyamaza katika mateso, watasema Shetani amemfunga kinywa. Basi ikiwa majibu yote mawili yanafika penye moto, swali lilikuwa la nini?

Kwetu zamani mshtakiwa alinyweshwa mwavi. Akiutapika, hana hatia, akifa, ndiye. Lakini anayetapika ni tumbo, siyo dhamiri. Mwuaji mwenye tumbo jepesi ataishi, na bibi asiye na kosa atazikwa. Siku hizi mwavi umepungua, lakini mashtaka hayakupungua. Hata watoto hushtakiwa, mpaka Serikali ya Kongo, katika sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto, ikaweka adhabu ya kifungo kwa amshtakiye mtoto uchawi.

Najua mtanijibu nini. Mtasema: “Mwalimu, watu wabaya wako.” Naam, wako. Chuki iko, na sumu iko. Mtu akitia sumu katika pombe ya mwenzake, ni mwuaji, apelekwe mbele ya hakimu, nao mashahidi waseme walichokiona kwa macho. Lakini tazameni ni nani anayetajwa na mpiga ramli. Mtu mwenye nguvu, mwenye wana sita na mashamba, hatajwi. Hutajwa mjane, yatima, kilema, mgeni, au mzee mwenye macho mekundu, ambayo moshi wa jiko lake ndio uliyoyafanya mekundu. Ni ajabu, kwamba nguvu hizo za kutisha ziwe kwa watu wasioweza hata kujijengea nyumba.

Fikirini sasa jambo hili moja. Tunamwogopa mchawi kwa sababu gani? Kwa sababu, twasema, humwua jirani kwa siri, kwa chuki, pasipo kumgusa kwa mkono. Je, ambaye kwa neno moja lililosemwa gizani amemnyang’anya mama mzee nyumba yake, shamba lake na watu wake, naye hakumgusa kwa mkono, tumwite nani? Siku ya ubatizo mtaulizwa kama mnamkana Shetani na kazi zake zote. Wengi hufikiri hirizi tu, wakazitupa mtoni, wakaridhika. Ulimi wameubakiza.

Haya siyasemi kama mtu safi. Nilipokuwa mwalimu kijana, katika kijiji ambacho sitakitaja, mtoto wa kapita alishikwa na homa, akafa mwezi wa Julai. Mpiga ramli akaitwa kwa siri, akamtaja mjane mmoja mkongwe aliyekaa pembeni mwa kijiji, asiye na mwana aliye hai. Hawakumpiga. Walingoja siku nne mpaka mwezi ukapevuka, ndipo wakamtoa usiku, kusudi apate kuiona njia. Nao waliona kwamba wamemhurumia. Mimi nilikuwa nyumbani, mlango umefungwa, nikisali rozari. Nilisikia nyayo zao zikipita. Rozari niliimaliza.

Alikwenda kukaa kwa ndugu za mama yake, mwendo wa siku mbili. Mwaka uliofuata, baridi iliporudi, nilikwenda kumwamkia, nikamchukulia mzigo wa kuni na unga kidogo. Alinikaribisha kwa heshima, akaniita mwanangu, akanipa kigoda chake, yeye mwenyewe akakaa chini. Juu ya kufukuzwa kwake hakusema neno. Aliniuliza tu, kama bibi yeyote aulizavyo, watoto wangu ni wazima, ni wangapi, na majina yao ni nani.

Nami, niliyefundisha dini miaka sita, nilisita. Kwetu mtu hujifunza tangu mdogo kwamba majina ya watoto hayatajwi mbele ya mlozi. Mama yule alingoja kidogo, akaitazama mikono yangu. Ndipo nikayataja majina yote matatu, kwa sauti, nikianza na la kitindamimba. Lakini yeye alikuwa amekwisha kugeuka, akizipanga zile kuni penye moto.